Mlango Mdogo wa Mwenyeji

Jamani majirani, ninyi mnaonunua nyama kwa kunyoosha kidole tu, leo nisikilizeni mimi niliyeishika kabla yenu. Sina pa kujificha.

Nyumba yangu ilikuwa na amani. Asubuhi mama watoto alipepeta nafaka, binti yetu akamlisha pumba beberu mmoja mwenye ndevu za kizee, nami nikanoa visu. Beberu huyo tulimwita Mwenyeji, maana kazi yake machinjioni ilikuwa kupokea wageni. Kondoo wakinusa damu hugoma mlangoni hata ukiwavuta. Lakini wakimwona mnyama mwingine ametangulia bila wasiwasi, hufuata kama watoto wa shule. Mwenyeji aliwaingiza, kisha akatokea mlango mdogo wa pembeni, akapewa konzi ya pumba. Mimi ndiye niliyemfundisha, na nilijisifu kwa hilo, Mungu anisamehe.

"Baba, yeye hatachinjwa?" binti yangu aliniuliza siku moja.

"Hatachinjwa, mwanangu. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu."

Wakati huo tulichinja kondoo sita kwa siku. Kisha ulafi ukatuingia, na msiniangalie mimi peke yangu! Nyama ya Jumapili ikawa ya kila siku, ya kila siku ikawa ya asubuhi na jioni. Kondoo sita wakawa arobaini. Wafugaji wakajaza mifugo kilimani mpaka halikubaki hata jani la kufutia kisu. Mvua ikaporomosha udongo mtupu hadi mtoni, na maji mekundu ya kuoshea sakafu yetu yakaishia humohumo. Mama yangu, anayeishi bondeni, akaacha kuteka pale, akawa anapanda kwangu na ndoo yake.

"Mwanangu, mto unanuka kazi yako," aliniambia.

Nilimjazia ndoo, nikaanza kuzungumza habari nyingine.

Kilima kilipokufa, kondoo nao wakapungua, na waliokuja walikuwa mifupa mitupu. Ikafika siku tajiri, mwenye machinjio, alikuwa na oda ya harusi kubwa. Tukahesabu wanyama, akapungua mmoja.

"Jazia na huyo mzee," akasema, akimwelekezea Mwenyeji kidevu.

"Bosi, huyu ni wa kazi."

"Kazi gani, na kondoo wenyewe wako wapi? Au wewe ndiye umechoka kazi?"

Mdomo nilikuwa nao. Sikuutumia. Niligeuka nikaingia ndani, naye Mwenyeji akanifuata mwenyewe, bila kamba. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango mdogo, akasimama kusubiri pumba zake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Akageuka kunitazama, wala hakuwa na hofu. Nadhani aliona nimesahau kuufungua.

Nilimchinja.

Niliporudi nyumbani binti yangu alikuwa amesimama uani na bakuli la pumba. Alitazama nyuma yangu, njia ikiwa tupu.

"Baba, ulimfungulia mlango wake?"

Nilimpita nikaenda kunawa mikono. Aliweka bakuli chini taratibu, akaingia ndani. Nimeshaacha visu, lakini mpaka leo hapokei tonge mkononi mwangu, na mama yangu bado anapanda na ndoo. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu amezaliwa, na nalala naye chumba kimoja.

FUNZO

Ndugu zangu, siwakatazi nyama. Mimi ni nani wa kukataza? Ila kabla ya kuongeza mnofu, ulizeni kilima gani kimeliwa pamoja nao, mto gani umechafuliwa, na mnyama gani alituamini. Kuleni kwa kiasi. Ulafi ukimaliza vya mbali hurudi kwenye zizi lako, na utamkabidhi hata yule uliyeahidi kumlinda.

Tena msimlaumu Mwenyeji kwa wale aliowaongoza. Yeye hakujua anawapeleka wapi. Mimi nilijua.