Boga la Uzi Mwekundu

Ilikuwa wiki ya tatu fundi cherehani anatunza nyumba peke yake. Mkewe alikwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua mapacha. Alimwachia fundi jiko, binti yao wa miaka sita, na mmea mmoja wa maboga nyuma ya nyumba.

"Mengine utajua mwenyewe," mke alisema siku aliyoondoka. "Lakini mmea huu nitunzie kama mboni ya jicho."

Fundi alijua sababu. Mbegu ilitoka kwa marehemu mama mkwe. Maboga yake yalikuwa na shingo iliyopinda, na utamu wake ulijulikana mtaa mzima. Mama mkwe aligawa maboga, ila mbegu alikuwa bahili nazo kupita kiasi. Aliacha mbegu sita tu ndani ya kopo. Panya walikula tatu. Mbili zilioza ardhini. Moja ikaota. Kopo lilibaki tupu.

Basi fundi alimwagilia maji asubuhi na jioni. Joto lilipoanza, mmea ulipanda ukuta na kutoa maua makubwa ya njano. Fundi alikumbuka kwamba mkewe huyapika maua hayo. Jinsi anavyoyachagua hakuwahi kumwuliza, maana yeye alizoea kukuta sahani mezani.

Akaenda kuyachuma mwenyewe. Mengine yalikuwa na vikonyo vyembamba. Mengine yalikuwa na kitumbo cha kijani chini yake.

"Haya ndiyo yamenona," alimwambia binti yake, akichuma yenye vitumbo. Mtoto huyo walimwita Bosi kwa sababu alipenda kutoa amri.

Bosi alikula akaramba vidole. "Kesho uyapike tena," aliamuru. Fundi alitii, siku baada ya siku.

Asubuhi moja, jirani yao alikuja kuchukua koti lake lililobadilishwa zipu. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, na watu walimwita Bibi Shamba. Alimkuta fundi mlangoni mwa jiko, anaosha maua.

"Karibu, dada. Koti liko tayari. Kaa kwanza uonje mboga."

Bibi Shamba aliangalia ndani ya bakuli. Akatoa ua moja, akaligeuza.

"Fundi, unachuma ya namna hii tu?"

"Ndiyo. Nachagua yaliyonona."

"Hivi vitumbo ni maboga, fundi. Ua lenye kitumbo ni ua jike. Likipata unga wa ua dume, kitumbo kinakua kuwa boga. Yale ya vikonyo vyembamba ni madume. Hayazai kitu. Hayo ndiyo ya kula. Umeanza lini?"

"Wiki mbili sasa," fundi alisema. Alikaa chini palepale kwenye kizingiti. "Dada, nimemaliza mbegu za mama mkwe. Nimezikaanga na vitunguu. Mke wangu nitamwambia nini?"

"Usijihukumu kabla hatujaangalia. Inuka twende."

Walifunua jani moja baada ya jingine. Madume yalikuwa mengi. Majike hayakuonekana. Majani ya chini yalikuwa yameanza kushika ugonjwa wa unga mweupe. Fundi alikuwa ameshakata tamaa Bibi Shamba alipoinama karibu na ukuta.

"Liko moja," alisema.

Lilikuwa tumba lenye kitumbo kidogo kama kishikizo cha shati. Ncha yake ilikuwa imeanza kuwa ya njano.

"Litafunguka kesho asubuhi, mara moja tu, na mchana litajifunga," alieleza Bibi Shamba. "Mmea unachoka, sitaki tungoje jingine. Nyuki wanaweza kulihudumia, lakini hutembelea pia maboga ya majirani. Boga utapata, ila mbegu zitachanganyika. Kwa hiyo leo jioni lifunge ncha lisifunguke. Funga na madume mawili yatakayofunguka kesho. Uzi unao?"

"Mimi, dada? Uzi?" fundi aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

Jioni alifunga matumba matatu kwa uzi mwekundu, kwa mkono mwepesi kama anashona hariri. Asubuhi Bibi Shamba alifika mapema. Alimwonyesha namna ya kuchuma dume, kulifungua na kung'oa mabawa yake ya njano. Katikati kilibaki kijiti chenye unga.

"Sasa fungua jike. Paka unga huu katikati yake, taratibu."

"Usilitikise," Bosi aliamuru.

Fundi alipaka unga wa dume la kwanza, kisha wa la pili. Halafu akalifunga tena lile jike, na kikonyoni akafunga uzi mwingine mwekundu uwe alama.

"Kitumbo kikiwa cha njano na kulainika, tumekosa," Bibi Shamba alisema. "Kikibaki kijani na kukua, tumepata. Haya, tule madume mengine. Chuma asubuhi, na uchungulie ndani usije ukamkaanga nyuki. Acha machache mmeani, nyuki wayatumie. Toa kijiti cha katikati na vijani vya chini, kisha osha. Kitunguu kikiiva, maua dakika tatu tu. Ukionja ua au boga likawa chungu sana, tema, usile. Na yaliyopuliziwa dawa usiyaguse."

Siku tatu zilizofuata fundi hakushona sawasawa. Alipachika mfuko wa suruali nje ndani. Kila saa alikwenda nyuma ya jiko. Siku ya nne kitumbo kilikuwa kijani bado, na kikubwa kama yai. Fundi alishusha pumzi ndefu, akarudi kushona akiimba.

Mkewe aliporudi wiki iliyofuata, fundi hakumngoja hata atue begi. Alimwambia yote, tangu vitumbo hadi uzi. Mke alitua begi, akaenda nyuma ya jiko. Boga lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Kikonyoni palikuwa na uzi mwekundu. Shingo ilikuwa imeshaanza kupinda.

Aliligusa kwa kidole. Machozi yakamtoka, kisha akacheka.

"Mama angekucheka mpaka akae chini," alisema. "Njia nzima niliogopa kukuta mmea umekauka. Ahsante, mume wangu. Lakini jikoni sasa utaingia na mimi, siyo kungoja mpaka niondoke."

Waliliacha boga mpaka ganda lilipokuwa gumu na kikonyo kikakauka. Walipolipasua, zilitoka mbegu nono zaidi ya mia mbili. Wakaziosha na kuzianika kivulini. Zilipokauka, mke aliandaa vifurushi vya karatasi: cha Bibi Shamba, cha dada yake, cha kila jirani mwenye kipande cha ardhi. Vingine viwili alivitia kwenye kopo, akafunga mfuniko vizuri.

"Mama hakuwa akigawa mbegu," fundi alimkumbusha.

"Ndiyo maana ilibaki moja," mke alijibu. "Nipe uzi."

Fundi alimpa ule mwekundu. Bosi aliwaonyesha pa kufunga.