Viatu vya Jumapili

Kila asubuhi mwanafunzi wa uuguzi alianzia kitanda cha dirishani. Hapo alilala fundi viatu, mzee mwembamba mwenye maneno mengi. Ugonjwa ulikuwa umeenea ini zima. Dawa alizopewa zilikuwa za kutuliza maumivu tu.

"Mjukuu wangu, viatu vyako vina kelele kuliko sisi wagonjwa," alimtania. "Nikitoka hapa nitavifunga mdomo."

Jumatano hakutania. Alimshika mkono.

"Niambie kweli. Binti yangu yuko mbali, amepanga kuja Jumapili. Au nimwite leo?"

Mwanafunzi alikuwa amelisoma faili lake. Lakini mzee alimkazia macho, naye akaishiwa ujasiri.

"Mwache aje Jumapili, babu. Atakukuta unatembea!"

Mzee akafurahi. Akampigia binti yake simu, akamwambia vivyo hivyo.

Jumamosi jioni akafariki. Binti alikuwa safarini, simu yake imezimika. Jumapili aliingia wodini na viatu vyeusi vinavyong'aa.

"Baba amesema anatembea," alisema huku akitazama kitanda kitupu. "Nimempigia rangi viatu vyake."



Baadaye sista, msimamizi wa wodi, alimkuta mwanafunzi chumba cha shuka analia.

"Nilimdanganya, sista. Nilimwonea huruma."

"Najua, mwanangu. Lakini huruma hiyo imemnyima nafasi ya kumuaga mtoto wake."

"Sasa ningemwambia anakufa?"

"La. Siku zake hatukuzijua. Ungevuta kiti, ukae. Ungemuuliza anajua nini, anaogopa nini. Kisha ungeniita mimi na daktari, tuongee naye pamoja. Ila mgonjwa wa namna ile akiuliza kama amwite mtu wake, usimwambie asubiri. Mwambie amwite leo."

Mwezi uliofuata, mama mmoja mshonaji, mgonjwa wa namna ileile, alimuuliza, "Dada yangu asubiri mwisho wa mwezi ndipo aje?"

Mwanafunzi alivuta kiti, akakaa.

"Mama, wewe mwenyewe unajionaje?"

"Naona safari imefika."

"Basi tumwite dada leo. Nami nimwite sista, tuzungumze."

Dada alifika jioni ileile. Wakacheka habari za gauni lililoshonwa mgongo mbele. Siku ya tatu mshonaji alikata roho, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake.

"Asante kwa kuniita mapema," dada alisema.

Mwanafunzi aliitikia kwa kichwa, akaondoka taratibu. Viatu vyake bado vina kelele. Hajavipeleka kwa fundi mwingine.