Kofia ya Dohani

Makupa, Mombasa, siku ya Jumamosi haina utulivu. Malori yanapigiana honi, wachuuzi wanaitana, na ukisimama ovyo utapigwa kumbo. Lakini Sidi Charo alikuwa ameinama mbele ya vyuma vikuukuu vya mchuuzi Mung'aro, wala hasikii honi wala kumbo. Alivaa dera la rangi ya samli lenye maua mekundu, kichwani kajitanda mtandio, na viatu vyake vya wazi vilikwisha kujaa vumbi. Chini ya mlango wa gari na mabomba yaliyopinda aliliona jiko la kuni la chuma, la kizamani, lenye miguu minne, oveni ubavuni na mpini wa shaba. Akanyoosha mkono akaushika mpini. Upande wa pili, mkono mpana wa kiume ulikuwa umeshalishika jiko lile lile.

"Samahani, dada. Hili nimelipata mimi."

"Umelipata au umelishika?" Sidi aliuliza bila kuachia. "Maana kushika, hata mimi nimeshika."

Mwenye mkono alicheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu ya karakana ya reli, iliyofuliwa mpaka ikapauka, na macho yenye utani hata akinyamaza.

"Malizaneni," Mung'aro aliwaambia kutoka kivulini. "Mimi nauza kwa mmoja."

"Unalitakia nini?" Sidi akamwuliza yule kijana.

"Mama anapikia jiko kama hili kwetu Kinangop, kule bara. Nilipoliona nikajikuta nimelishika tu."

"Basi hujui utalifanyia nini. Mimi najua. Siku za kazi nachapa makaratasi ya mizigo bandarini, lakini mikono hii inataka unga. Nitaoka mikate nyumbani kwangu, Mji wa Kale."

"Na moshi utapita wapi?"

Sidi akalichungulia jiko kwa nyuma. Mkate alikuwa ameufikiria mwaka mzima, ila moshi haukuwahi kumpitia kichwani.

"Naitwa Morris," kijana alisema. "Baba yangu ni fundi wa majiko haya, nimekua nikimshikia ngazi. Chukua jiko. Nitakuja nikufungie na dohani yake. Lakini mkate wa kwanza utakaotoka humo ni wangu."

"Wa kwanza tu?"

"Tuanze na huo."

Sidi alirudi nyumbani na jiko ndani ya tuktuk, na moyo wake umeruka mbele kumsubiri mlangoni.

Mwenye nyumba, Bi Aida, alikaa orofani, na dirisha lake lilitazama ua ambamo dohani ingepita. Morris alipanda kumwamkia kwanza, mikono nyuma kama mkwe.

"Shikamoo, Bi Aida."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wataka kunitilia moto chini ya kitanda."

"Moto utakuwa ndani ya chuma, mama. Moshi utapita juu ya paa."

"Haya, fungani. Lakini mtandio wangu wa kusalia hutundikwa dirishani hapa. Siku utakaponuka moshi, jiko litoke. Sina maneno mengi."

Basi Morris akawa anakuja kila atokapo kazini. Kwenye ukuta mnene wa jikoni palikuwa na shimo la kabati la zamani. Akalipanua, akalikalisha jiko humo, akaacha nafasi mgongoni ili ukuta usiungue. Pembeni wakajenga fremu ya mawe, na juu ya mawe wakabandika vigae vya buluu na vyeupe alivyoviokota Sidi kwenye nyumba iliyovunjwa. Yeye alikoroga chokaa, Morris alipanga, na kazi ya saa moja iliwachukua jioni nzima kwa maneno.

"Kigae hicho kimeenda kombo, fundi."

"Kimekwenda kukutazama. Kirudi?"

"Kiache."

Siku ya kufunga kofia ya dohani, Morris alipanda paani. Kofia yenyewe ilikuwa bati lililokunjwa, wazi upande mmoja tu. Akalowesha kidole, akasikilizia upepo. Kaskazi ilikuwa ikivuma vizuri. Akaigeuza kofia iupe upepo mgongo, akaikaza kwa misumari. Wakawasha moto mdogo wa makumbi, na moshi ukatoka upande wa pili ukaenda zake. Sidi, aliyesimama uani shingo juu, aliona jinsi kofia ilivyogeuzwa, akamwona mwanamume wake ni fundi kweli, na hakuuliza neno.

"Sasa chokaa ikauke," Morris alisema aliposhuka. "Moto mkubwa usiwashe mpaka nikuambie. Na siku utakapooka mkate bila kumsumbua mtu, nina swali nitakuuliza."

"Niulize sasa."

"Sasa nina chokaa mikononi."

Alijua anachofanya, mtu yule. Tangu siku hiyo Sidi hakuchapa karatasi moja bila kosa. Simu ilipoita saa ya chakula aliirukia.

"Chokaa imekaukaje, mpenzi?"

"Chokaa haina haraka, Morris. Mimi ndiye nina haraka."

"Haraka ya mkate?"

"Ya swali."

Mvua za kwanza zikapita, chokaa ikakauka, siku ikapangwa. Bi Aida mwenyewe aliwaalika mashoga zake waje waonje. Sidi alikanda unga kwa tui la nazi na iliki, akalisha jiko kuni za mvinje, akatia mkate ovenini. Haukupita muda moshi ukaanza kurudi. Ulitoka mlangoni mwa jiko na kwenye viungo vya bomba, ukajaa jikoni, ukamwagika uani na kupanda moja kwa moja hadi dirishani kwa Bi Aida.

Bi Aida alishuka, mtandio wake mweupe ameusogeza puani.

"Mato yaniwasha, Sidi, na wageni wangu wamekimbilia barazani. Sina ugomvi nawe, mwanangu. Lakini mwezi mpya ukiandama na hali ni hii, jiko litoke."

Morris alifika dakika hiyo hiyo, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkono mfukoni kama aliyeficha kitu. Alipanda paani mbio, akarudi shati limejaa masizi.

"Upepo umegeuka, sasa unapuliza ndani ya kofia," alisema, kama mtu aliyeibiwa.

"Kusi imeingia. Huingia kila mwaka."

"Kila mwaka? Na ulinitazama nikiigongomelea kofia ile, ukanyamaza?"

"Nilidhani unajua. Nani asiyejua?"

"Mimi, Sidi. Kwetu upepo washuka mlimani mwaka mzima, ni ule ule."

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia. Ama ulitaka wageni wapate kumcheka mtu wa bara?"

Hilo lilimchoma Sidi, maana hakuwahi kumwona hivyo hata mara moja. Akajibu kabla hajafikiri.

"Basi mtu wa bara, rudi bara."

Morris aliweka nyundo juu ya meza, taratibu, akatoka. Sidi alibaki na moshi. Alipofungua oveni, mkate ulikuwa mweusi mgongoni na umenuka masizi mpaka ndani. Angeutupa. Lakini ulikuwa wa kwanza, na wa kwanza ulikuwa na mwenyewe. Aliukata vipande, akavikausha juani, akavifungia mkebeni.

Kesho yake alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena na tena, kisha akapiga karakana, akapokea Kingi, mwenzake Morris.

"Morris amechukua likizo, dada. Amepanda treni na begi kubwa. Amesema anakwenda kwao."

Sidi alikaa chini palepale ofisini. Alimwambia arudi bara, na mtu amerudi. Kila siku alipofika nyumbani alivitazama vigae vya buluu akaona kile kilichokwenda kombo, akalia. Alimpenda, na hakuwa na wa kumwambia. Mwezi ukawa umekaribia kuandama, naye akamtumia Mung'aro habari aje alichukue jiko lake.

Asubuhi Mung'aro alipotarajiwa, simu ililia. Jina kwenye kioo lilimfanya amwage chai.

"Morris? Uko wapi?"

"Washa jiko."

"Nakuuliza uko wapi."

"Juu ya paa lenu. Bi Aida kanifungulia. Washa jiko, mpenzi, jua linanichoma."

Sidi alitoka uani mbio, simu bado sikioni. Morris alikuwa amepiga magoti kando ya dohani, na juu yake ilisimama kofia mpya yenye mkia mpana wa bati. Upepo ulipousukuma mkia, kofia iligeuka yenyewe, ikaupa upepo mgongo.

"Baba ameitengeneza nami," alisema simuni, ingawa wangeweza kusikizana bila simu. "Hata kaskazi ikirudi, itageuka."

"Kwa nini hukupokea simu zangu?"

"Ningesikia sauti yako ningerudi mikono mitupu."

Sidi aliwasha moto. Kuni zikashika, chuma kikaanza kulia kidogo kidogo kwa joto, na moshi ukapanda ukaenda zake. Walisubiri. Dirisha la juu likafunguka, Bi Aida akaushika mtandio wake, akaunusa pindo kwa pindo.

"Haunuki kitu," alisema. "Okeni."

Morris aliposhuka, Sidi alimwekea mkebe mezani. Alifungua, akatoa kipande cheusi, akakitafuna kwa bidii.

"Mkate gani huu? Ni kama ubao."

"Ndio wa kwanza. Tuliahidiana. Nisamehe yale maneno, Morris."

"Nisamehe na mimi. Nilikuona adui kwa ajili ya upepo." Alimeza, akafungua begi, akatoa sweta ya sufu, nzito, ya kijani, iliyofumwa kwa mkono. "Mama amekutumia hii. Anasema kwetu kuna baridi, na mgeni akija lazima avae. Swali langu ndilo hili, Sidi. Nakupenda. Utakubali nikuoe?"

Jiko lilikuwa limepamba moto, jasho likiwatiririka wote wawili. Sidi aliichukua sweta, akaivaa palepale juu ya dera lake, akavuta mikono mpaka vidoleni, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

Bi Aida alichungulia tena. "Sidi, umepatwa na nini? Sweta, Mombasa hii?"

"Nakwenda bara, Bi Aida," Sidi alimjibu, akipangusa jasho kwa sufu. "Nakwenda kuwaamkia wakwe zangu."