Jiwe la Kiti cha Dereva

Kila siku shule ikitoka, Clarisse alipita nyumbani, akachukua sufuria ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyofungwa kitambaani, akaipeleka kwenye garaje ya baba yake kule Kyeshero, mtaa wa Goma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata ukimfunga macho angekutolea spana namba kumi bila kuichanganya na namba kumi na mbili. Baba yake, Papa Baharanyi, alikula amechuchumaa kando ya injini, huku akimfundisha mdomo ukiwa umejaa.

Somo la kwanza kabisa lilikuwa la jiwe. Gari ambalo breki zake zimefunguliwa na hazijarudishwa, Papa Baharanyi aliliwekea jiwe jeusi la volkano juu ya kiti cha dereva. Goma mawe hayo hayana bei, ukitoka mlangoni tu unajikwaa. Lakini likiwa kitini, kila fundi alielewa kwamba gari lile haliendeshwi.

"Jiwe likikaa, mutu hakai," ndivyo alivyopenda kusema.

Jumatano moja, vita vilikuwa vimefika karibu na mji wa Sake. Tangu asubuhi wakimbizi walimiminika barabarani: magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, watoto migongoni, mbuzi na ng'ombe katikati ya watu. Kila mlio wa bomu uliposikika nyuma ya vilima, umati wote uliongeza mwendo. Clarisse alipofika na sufuria yake, Papa Baharanyi alikuwa ameenda mjini kutafuta kipuri. Moïse, fundi wake, alikuwa uani, chini ya lori, miguu tu ikionekana.

Nje ya lango, kwenye mteremko unaoelekea ziwani, lilisimama gari la Mama Eugénie. Mama huyo alikuwa mkunga, na kwa gari hilo aliwatoa wajawazito katika kambi ya wakimbizi ya Lac Vert na kuwapeleka kujifungulia hospitalini. Gogo lilizuia gurudumu, na jiwe lilikuwa mahali pake kitini.

"Mutoto wangu, nisaidie!" Mwanamke mmoja alikuwa amesimama langoni, amebeba mtoto mwenye homa, mzigo kichwani. Aliitwa Nyirarukundo, na alikuwa ametembea kutoka Masisi. Miguu yake ilikuwa imevimba. "Nimlaze wapi huyu? Mikono imekufa."

Je, wewe ungefanya nini? Clarisse hakufikiri mara mbili. Alifungua mlango wa gari, akaliondoa jiwe, akaliweka chini kando ya uzio, palipojaa mawe mengine kama lile. Mtoto akalazwa kitini, akanyweshwa maji, akasinzia. Baada ya muda Clarisse akampokea mama yule mzigo wake, akawasindikiza hadi parokiani, ambako wakimbizi walikuwa wakipokewa.

Jiwe? Loo, hakulikumbuka hata kidogo.

Alipokuwa akirudi, alisikia kishindo, kisha kelele za watu. Alikimbia. Gari la Mama Eugénie lilikuwa limeingiza pua yake katika ukuta wa jirani, mvuke ukitoka. Moïse alikuwa ameketi chini, damu ikimtoka kwenye paji la uso. Papa Baharanyi, aliyekuwa ameshuka kwenye pikipiki dakika ile ile, alisimama mbele yake.

"Patron, ng'ombe walikuwa wanalisukuma gari," Moïse alisema. "Nilitaka kuliingiza uani. Nimeondoa gogo, nimewasha, nimekanyaga frein, breki haishiki, pedali imezama mpaka chini! Kulikuwa watoto mbele yangu, nikakata kona ukutani."

"Na jiwe je? Niliweka jiwe kwa mikono yangu!"

"Hapakuwa jiwe, muzee. Naapa mbele ya Mungu."

"Wewe unaapa? Mwaka jana uliniambia unaenda kujaribu gari la mteja, kumbe umelipeleka harusini, ukarudi taa zimevunjika. Watu wanatucheka, wanasema mafundi wa Goma magari ya wateja ni yao. Leo umerudia! Toka. Sitaki kukuona hapa."

Kichwa cha Clarisse kilivurugika kabisa. Kumsaidia mgonjwa ni kosa? Padri mwenyewe husema tuwasaidie wanaokimbia. Lakini jiwe aliliondoa nani? Gari alilivunja Moïse, au ng'ombe, au vita vilivyowatoa watu Masisi, au yeye? Kila alipopata jibu, jibu jingine lilikuja likalifukuza. Alitazama kando ya uzio: mawe meusi kumi, kumi na tano, yote yanafanana. Hakuna mtu angejua kamwe.

Mama Eugénie akafika, ameitwa na jirani. Aliona gari lake, akashika kichwa.

"Yezu Maria! Kesho nina wajawazito wawili wa kutoa Lac Vert. Watakuja na nini, kwa chukudu?"

Moïse alivua koti lake la kazi, akalitundika kwenye msumari, akaanza kuelekea langoni. Clarisse alijua kwamba huko nyumbani mke wake alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Moïse akavuka lango.

"Papa, mwache!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, hata watu barabarani wakageuka. "Jiwe nililitoa mimi. Nilimlaza mtoto mgonjwa pale kitini, kisha nikasahau. Moïse hasemi uongo."

Papa Baharanyi alimtazama, akatazama uzio, akamtazama Moïse. Kisha akaenda langoni mwenyewe, akamshika Moïse mkono.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuhukumu kwa kosa la mwaka jana. Na ufunguo niliuacha ndani ya gari mimi mwenyewe. Rudi."

Moïse alifuta damu usoni. "Nimerudi, patron. Lakini ile ya harusi kweli nilikosa."

Mama Eugénie alicheka bila kupenda, huku machozi yakimtoka. Kesho yake Papa Baharanyi aliwachukua wajawazito kwa gari lake la mizigo, polepole, mashimo yote akiyakwepa. Gari la mkunga walilitengeneza kwa siku mbili, bure.

Ukabaki ukuta wa jirani. Jumamosi waliujenga wote watatu, Clarisse akibeba mawe mpaka viganja vikamchubuka.

"Papa, nilikosa kumsaidia mtoto yule?" aliuliza. Swali hilo lilikuwa halijamtoka kichwani.

"Hapana. Akija mwingine, msaidie tena," alijibu baba yake. "Ila ungemwita Moïse na kumwambia, 'Nimeondoa jiwe.' Neno moja tu. Na siku ile ulipoona mambo yameharibika, uliogopa kusema, si kweli?"

"Niliogopa sana."

"Hata mimi ningeogopa. Lakini ulisema kabla mwenzako hajapotea, na hapo ulinifurahisha. Wazee walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kosa likisemwa mapema ni ufa tu."

"Na sisi tunajenga," Moïse alidakia, akimpokea jiwe.

Papa Baharanyi aliokota jiwe moja, akalipaka rangi nyekundu pande zote, akampa binti yake.

"Hili sasa utalitunza wewe. Ukilitoa kitini, useme kwa sauti."