Kifuniko Chini ya Mikeka

Kila asubuhi Aziza huteka maji kwenye kisima cha bibi yake, Mama Amisa, ambaye wajukuu wote humwita Tate. Mtaa wao hapa Kasongo unakisifu kisima hicho, na wakati wa Maulidi majirani hupika pilau kwa maji yake. Tate hufurahia sifa hizo, wala hafichi.

Mwaka huu, Maulidi ilipokaribia, Aziza alivuta ndoo akakunja uso. Majani kati ya kisima na ua yalikuwa yamelowa, ingawa mvua haikunyesha.

"Maji iko inanuka," alimwambia binamu yake, Kamaldine.

"Nyamaza. Tutatia kidogo dawa ya javeli, harufu itapotea. Unataka kumupatisha Tate haya mbele ya wageni?"

Aziza alimpenda mno Tate, wala hakutaka aaibike. Hata hivyo alimpelekea ndoo.

"Tate, nusa hii."

Tate alinusa. Akatazama majani, kisha ua wake mzuri, uliosakafiwa kwa sementi ili wageni watandikiwe mikeka.

"Fosi, lile shimo ya choo, iko hapa chini," akasema. "Tulisakafia juu ya kifuniko, tukaisahau. Kamaldine, leta nyundo."

Kamaldine hakuamini masikio yake. Sakafu ilipovunjwa, fosi ilikutwa imejaa pomoni, na maji machafu yakipenya ardhini kuelekea kisimani.

Tate angeweza kuficha mambo. Badala yake alifunga kisima, akajitanda ushungi, akapita nyumba kwa nyumba. "Musikunywe maji yangu. Imechafuka, na kosa ni yetu." Aziza alimfuata nyuma, akiona fahari kuwa mjukuu wake.

Majirani hawakumcheka. Walileta maji ya chemchemi, wakayachemsha, na Maulidi ikasomwa kando ya sakafu iliyovunjika. Baadaye mafundi waliutoa uchafu, wakaufukia mbali na visima, wakakiwekea kifuniko vishikio. Kisima kikasafishwa, na watu wa kituo cha afya wakayapima maji kabla ya kuruhusu yanywewe.

Siku maji yaliporuhusiwa, Tate alimpa Aziza kikombe cha kwanza.

"Pua yako ilituokoa," akasema. "Lakini maji inaweza kuwa chafu bila kunuka. Fosi inapaswa kufunguliwa na kutolewa uchafu mbele ya kujaa. Na mutu akiona kosa, aseme mapema, hata kama ni kosa ya Tate wake."

Tangu hapo mikeka hutandikwa uani kote, isipokuwa juu ya kifuniko. Wageni wakiuliza sababu, Tate huwaeleza mwenyewe.