Mkono Uliokataa Bati

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipotoka Dagoretti Corner na pamba na makaa, nikaharakisha kurudi nyumbani Satellite. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Mume wangu, Kitavi, alipangiwa kuwa askari wa Kirumi katika igizo la kanisa letu kule Kangemi. Askari mwenyewe anaogopa kuku, lakini kifua anacho. Mimi hutengeneza mavazi ya maigizo, kwa hiyo dirii yake ya kifuani niliifua mwenyewe kwa shaba. Ilibaki kuipaka bati tu, ing'ae kama chuma.

Shaba yenyewe ilitoka kwenye beseni kuukuu nililopewa na Mama Hardeep, mteja wangu wa mapazia kule mjini, alipokuwa akihama.

"Kata, gonga, fanya unavyotaka," aliniambia. "Lakini usipake bati."

Nikadhani ni mapenzi ya wazee kwa vitu vyao vya manjano. Mimi nikikatazwa jambo bila sababu, ndipo hulitaka zaidi.

Nikawasha jiko nyuma ya nyumba. Kwanza asidi, kisha maji, kisha moto. Kazi hii ina mwiko mmoja: ukishaisafisha shaba, usiiguse kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole tu yanatosha kulikataza bati lisishike. Nikavaa glavu. Shaba ilipopata moto nikaisugulia kipande cha bati, likayeyuka, nikalitandaza kwa pamba. Manjano yakawa yanageuka weupe mbele ya macho yangu. Raha tupu.

Isipokuwa upande wa ndani, pale panapokaa moyo: hapo bati lilikataa kushika, na manjano yaliyobaki yalikuwa na umbo.

Kiganja. Na vidole vitano.

"Kitavi! Umeshika hii kitu?"

"Mimi? Niko kwa TV."

Nikaulinganisha mkono ule na wangu. Ulikuwa mwembamba, wenye vidole virefu. Mikono ya Kitavi ni mipana kama koleo, haukuwa wake.

Nikaiosha tena kwa asidi, nikarudisha motoni, nikapaka. Tsss… Moshi ukapanda, na ndani ya moshi ule nikasikia harufu ya dawa ya kuchua, ile ya chumba cha mgonjwa. Mkono ukarudi palepale. Nikaogopa, sitaki kudanganya. Lakini hasira ilinizidi. Mara hii nilikandamiza pamba juu ya kile kiganja kwa nguvu zangu zote, bati likichemka.

Haaa…

Kama mtu aliyeachia pumzi.

Bati likashika. Dirii nzima ikawa nyeupe, ndani na nje. "Nimekuweza," nikasema kwa sauti. Nikaipoza kwa maji. Kitavi akatoka, akaipenda, akaichukua kwenda kuijaribu chumbani. Mimi nikabaki kule nje penye jiko, nikampigia Mama Hardeep.

"Mama, lile beseni lilikuwa la nani?"

"Umepaka?" alinong'ona.

"Nimepaka."

"Bati imeshika pote?"

"Pote."

Nikamsikia akikaa chini. "Mama mkwe wangu alikuwa na homa. Alilala ameweka mkono ndani ya hiyo beseni, sababu shaba iko baridi. Alikufa hivyo. Fundi akapaka bati, mkono ukarudi. Tukaacha, na hakusumbua mtu. Anataka tu pahali pa kushika. Sasa umemtoa, Nzula. Ameenda kushika wapi?"

Kutoka chumbani, Kitavi akacheka.

"Nzula, wacha mchezo. Toa mkono, uko baridi."

Simu ikaniponyoka.

Nilikimbia. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya kioo, dirii kifuani, bado anatabasamu. Aliponiona naingia mlangoni, tabasamu likafa. Nikaikata mikanda kwa kisu cha jikoni. Dirii ikaanguka sakafuni. Nikafungua shati lake.

Vidole vitano vimejichora juu ya moyo, vyeupe kama bati. Nilipovigusa, baridi ilinipanda hadi begani.

Usiku uleule nilikaa sakafuni na msasa nikikwangua lile bati lote hadi vidole vikatoka damu. "Rudi, mama," nikawa namsihi. "Rudi pahali pako. Sitakusumbua tena." Ijumaa Kuu mtu mwingine alicheza askari wetu, akiwa amevaa dirii ya katoni.

Sasa ile ya shaba nimeitundika mkabala na kitanda, manjano tupu. Kila asubuhi huichungulia ndani kabla sijasema neno lolote. Hakuna alama. Shaba ni safi, na usafi huo ndio unaonitisha.

Kitavi anasema ule mkono hauumi. Lakini huyu ni mwanamume ambaye tangu nimjue huacha vifungo vya juu vya shati wazi, hata kanisani nikimkanya. Siku hizi hufunga vyote, mpaka cha shingoni, na huvaa akiwa bafuni.

Jana nilimgongea mlango. "Nionyeshe mkono umefika wapi."

"Wacha tu, Nzula," akajibu, na sauti ikatoka nyembamba, ya mtu aliyebanwa koo.