Sangara Nyuma ya Risiti

Kila jioni Nyangi alifagia chumba cha kuchorea nyumbani kwao Kamunyonge. Mama yake, Boke, alichora picha za vitabu na mabango ya maduka ya hadi kule Bunda. Alichora akiwa ameinama sakafuni, mgongo ukimuuma kweli kweli. Mwaka huo alikuwa amejiwekea akiba ya kununua meza.

"Nyangi, lete kopo la risiti," alisema siku hiyo. "Kesho naenda ofisi ya kodi. Wanakata kodi kwenye faida, kwa hiyo gharama za rangi na brashi nilizonunua kwa ajili ya kazi zinatolewa kwanza. Bila risiti, kodi itapanda na meza ndiyo basi tena."

Loo! Kopo lilikuwa tupu. Risiti zile zilikuwa nyeupe upande wa nyuma, na mtoto wa mchoraji angeziachaje? Nyangi alichora humo samaki, sangara waliovaa tai, akawagawia wenzake darasani.

"Nisamehe, Mama. Ziko shuleni," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Weee! Zirudishe zote. Kesho mchana nakupitia, uje ueleze mwenyewe."

Asubuhi Nyangi alizunguka darasa zima akiomba. Wenzake walimcheka, lakini wakamrudishia. Ila risiti aliyopewa Happyness, ile ya makopo makubwa ya rangi, ilikuwa imeliwa na mbuzi!

"Chukua hii risiti ya baba, ilibaki begini mwangu," Masatu akamnong'oneza. "Tulipakaga nyumba yetu. Rangi ni rangi, nani atajua?"

Nyangi aliishika. Aliufikiria mgongo wa mama yake, akatamani sana. Kisha akamrudishia. "Asante, Masatu, lakini mama hajapaka nyumba yenu."

Ofisini, afisa aliyeitwa Dorah aligeuza risiti moja, akaangua kicheko. "Sangara na tai! Na risiti ya makopo makubwa yaliyo kwenye orodha ya mama yako iko wapi?"

"Shikamoo. Ililiwa na mbuzi," Nyangi alijibu kwa sauti ndogo.

Dorah alicheka hadi akafuta machozi. "Marahaba. Umesema kweli, basi tutasaidiana. Nendeni dukani mkaombe nakala."

Nakala ilipatikana siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata meza ikaingia nyumbani. Nyangi alishangilia kuliko mama yake.

"Umeona, mwanangu?" Mama alisema akimpa daftari jipya la kuchorea. "Gharama za kazi yetu tunazidai zote, wala hatuoni haya. Za watu wengine hatuzigusi. Na karatasi za kazi zinatunzwa."

Nyangi aliitumbukiza risiti ya meza koponi, nyuma ikiwa nyeupe pe.